Kinyozi Asiyekunywa

Walimwita Wembe, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Wateja ndio waliolianzisha, tangu alipokuwa kijana mbichi katika kazi ya unyozi na tayari alikuwa akichonga mstari wa ndevu ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Hakuwa mtu wa kubana kidevu cha mteja. Alisimama kando, akainamisha kichwa kidogo, akapitisha wembe mara moja, na mteja alipojitazama kwenye kioo alijiona mtu wa heshima zake, hata kama mfukoni hakuwa na kitu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, kioo cha ukuta mzima, sinki lisilokwisha kuziba kwa nywele, na benchi ambapo waliokuja kunyolewa walibanana na waliokuja kupiga soga tu. Kiti cha pili kilikuwa cha mshirika wake, mtu mnene, kichwa hakina unywele hata mmoja. Huyo naye walimwita Kipara. Benchi lilikuwa halichoki kumtania. "Huyu alianza kujinyoa akasahau kusimama," walisema, naye Kipara alijipapasa utosi akajibu kwamba hilo ni tangazo la biashara.

Mkono ulimsaliti Wembe polepole. Ulianza wa kushoto, ule wa kushika kitana, ukatetemeka kidogo kila alipounyoosha, kama wa mtu aliyetoka kubeba ndoo mbali. Akadhani ni uchovu. Baadaye ukafuata wa kulia. Akabuni ujanja wake: aliegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti, akabana pumzi, akasubiri mkono utulie kidogo ndipo apitishe wembe. Wateja hawakugundua kitu. Kipara aligundua, lakini akanyamaza.

Mambo yalikuja kuwa wazi siku alipomkata sikio mwalimu mkuu mstaafu, mteja wake wa tangu zamani. Jeraha halikuwa kubwa, ila sikio nalo lina damu nyingi kuliko linavyoonekana. Mzee mwenyewe alilichukulia kwa mzaha.

"Umeshanitoboa," alisema huku akikandamiza pamba. "Sasa kaninunulie hereni."

Benchi zima likaangua kicheko. Wembe naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kicheko kilimtoka kikakataa kurudi. Alicheka mpaka benchi likanyamaza. Alicheka huku machozi yakimtoka na mate yakimchuruzika pembeni mwa mdomo, na ndani ya moyo wake hapakuwa na furaha hata chembe. Alipojaribu kuomba radhi, maneno yalitoka mazito, yamegandana.

"Asubuhi yote hii?" mtu mmoja alinong'ona.

Maneno hayo matatu yalitoka benchini yakazunguka mtaa mzima. Wembe siku hizi anapiga maji. Waliosikia wakatia chumvi: ameonekana anayumba karibu na soko, amelala mtaroni. Mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe, maana harufu yake tu ilimchefua, akawa mlevi wa mtaa pasipo kunywa. Wateja wakawa wanapanga foleni upande wa Kipara, na kiti cha Wembe kitupu, wote wameinamia simu zao kana kwamba hawamwoni amesimama pale na kitambaa begani.

Mchana mmoja saluni ilipokuwa haina mtu, Kipara alifunga mlango akamkabili.

"Nipumulie," alisema.

"Nini?"

"Nipumulie usoni, ndugu yangu. Pua yangu haijawahi kudanganywa."

Wembe akapumua kwa hasira. Kipara akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Vitunguu," alisema. "Vitunguu vitupu." Akajitupa kwenye kiti chake, kikalia. "Basi wewe ni mgonjwa. Na sisi tumekaa hapa tunakusengenya. Mimi mwenyewe nilikuwemo, sitakuficha."

Nyumbani kulikuwa kumeshaanza kuwa kugumu. Mke wake alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mwenye maneno machache na mkono wenye nguvu. Alikuwa amezoea kurudi kutoka kazini akamkuta mumewe ananyoosha miguu na kumsimulia vituko vya benchi. Sasa alimkuta amekaa kimya, au amefura kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Siku moja Wembe alitupa sahani ukutani kwa sababu kijiko kilimponyoka, kisha akalia kama mtoto. Binti yao mdogo akaanza kumkwepa. Kila asubuhi foronya ya Wembe ilikuwa imelowa mate, na mke aliigeuza haraka ili mumewe asiione.

Wakaanza kuzunguka kwa matabibu. Wa kwanza alimpa vitamini. Wa pili alimwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Wa tatu alipima damu, akaona ini haliko sawa, akavua miwani.

"Bwana, tuseme ukweli. Acha pombe."

"Mume wangu hanywi," mke alisema.

"Wake wengi husema hivyo, mama."

"Hao wake wengi mimi siwajui. Nasema huyu wangu."

Yule tabibu, tumpe haki yake, hakukasirika. Akawaandikia rufaa waende hospitali kubwa.

Huko walipokelewa na daktari bingwa wa ini, mwanamke mpole aliyesikiliza bila kutazama saa. Alimwambia Wembe anyooshe mikono mbele, ikapapatika kama mbawa. Alimpa kalamu aandike jina lake, na herufi zikatoka ndogondogo, zimepinda, zikizidi kunywea kila alivyokwenda. Wembe mwenyewe aliona aibu. Daktari alimmulika machoni kwa tochi ndogo, akawaza, kisha akamtuma idara ya macho.

Mtaalamu wa macho alimwegemeza kidevu kwenye mashine, akachungulia. Akarudi nyuma. Akachungulia tena, kisha akafungua mlango akaita wenzake wawili waje waone. Daktari akiwaita wenzake waje kukuona, hilo si jambo la kufurahia, na Wembe alibaki ameegemeza kidevu pale, jasho linamtoka.

"Kuna pete," yule mtaalamu alimweleza. "Ya rangi ya kahawia, imezunguka kioo cha jicho. Kwa macho meusi kama yetu, kwenye kioo cha nyumbani huwezi kuiona."

Kabla ya majibu kamili alitakiwa kukusanya mkojo wa siku nzima katika kidumu, usipotee hata wa mara moja. Kwa kuwa hakutaka kukosa kazi, alikwenda na kidumu saluni, akakificha chini ya sinki. Kipara alikitazama kwa mashaka. "Kiandike jina," alisema. "Mteja asije akadhani ni mafuta ya nywele." Siku hiyo Wembe alicheka kicheko chake cha zamani, kikaisha kilipotakiwa kuisha.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaketisha, yeye na mkewe.

"Huu ugonjwa unaitwa Wilson," alisema. "Si wa kawaida. Matabibu wengi huko nje hawajawahi kuuona, ndiyo maana mmezungushwa. Mwili wako umejaa shaba."

"Shaba? Hii ya nyaya za umeme?"

"Hiyohiyo."

"Mimi sijawahi kula waya, daktari."

Daktari akatabasamu. "Kila mtu anakula shaba, kidogo sana, iko ndani ya chakula. Inayozidi, ini huitoa kupitia nyongo, ikatoka na choo. Ini lako halikuzaliwa na uwezo huo. Limekuwa likiiweka tu tangu ulipokuwa mchanga. Lilipojaa, shaba ikamwagika kwenye damu, ikaenda kwenye ubongo, ikaenda machoni. Mkono, ulimi, kile kicheko, hasira za bure, vyote vimetoka huko."

"Kama sinki la saluni," Wembe alisema polepole, ulimi ukimpinga. "Likiziba, maji yanakuja sakafuni."

"Kabisa. Na kuna dawa ya kuzibua. Lakini utaimeza kila siku, maisha yako yote. Ukijisikia mzima ukaacha, shaba inarudi, na safari hiyo ini halitakuvumilia."

Mke alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amejiandaa kwa neno baya zaidi, na hili, pamoja na ugeni wake, lilikuwa na neno dawa ndani yake.

"Ugonjwa huu ni wa kurithi," daktari aliendelea. "Una ndugu wa tumbo moja?"

Wembe alimtazama mkewe kwanza. "Tulikuwa watatu," alisema.

Mkubwa wao alifariki akiwa bado anavaa sare ya shule. Macho yake yalibadilika yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikakonda, na haukupita muda mrefu wakamzika. Katika msiba ule shangazi, dada mkubwa wa baba, alisema mbele ya watu kwamba damu ya upande wa mama ni mbovu, na kwamba kaka yake asingeoa kule kama angesikiliza ushauri. Baba alisikia. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kusema kwa matofali zaidi kuliko kwa mdomo, akanyamaza. Tangu hapo jina la marehemu halikutajwa tena katika nyumba ile, na mama alilibeba neno la wifi yake mahali ambapo hakuna aliyeliona.

Daktari akataka kuonana na wazazi. Walikuja wamevaa nguo zao za kutokea, mama amekumbatia mkoba, baba kofia mkononi. Daktari aliwaamkia kwa heshima, kisha akaanza kueleza polepole.

"Kila mtoto hupokea nakala mbili za maelekezo ya kazi hii ya ini, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja mbovu haumwi kitu, anaishi mpaka anazeeka bila kujua. Ili mtoto augue, lazima azipokee mbovu mbili."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa tangu neno la kwanza. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hapana, mama. Mmoja peke yake hawezi. Ninyi wote wawili mnayo moja moja, na hakuna aliyeichagua."

Baba aliigeuza kofia yake. "Hebu nielewe vizuri, daktari. Nusu imetoka kwangu?"

"Nusu imetoka kwako, baba."

"Sawasawa na yake? Haikupungua?"

"Sawasawa."

Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo alikuwa amelala nalo miaka yote. "Yule wetu wa kwanza. Ningemleta mapema, angepona?"

Daktari hakukimbilia kumfariji. "Kama ugonjwa wake ungejulikana mapema, labda dawa ingemsaidia. Siwezi kukuficha hilo. Lakini ulimpeleka ulikoweza, na waliompokea hawakuujua. Wewe usingeweza kujua ambacho wao hawakukijua."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayehesabu. Baba akaweka kofia chini, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo Wembe hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Walipotoka hospitalini baba hakutaka kwenda nyumbani. Alimwongoza mkewe moja kwa moja mpaka kwa dada yake, akabisha hodi, na kabla hajakaribishwa kiti akasema, "Dada, lile neno ulilolisema msibani, leo nimekuja kulikataa. Nilipaswa kulikataa siku ileile. Damu ni yetu sote, na ya kwangu imo nusu nzima." Shangazi alitaka kubisha, akamwona kaka yake anatetemeka midomo, akaacha. Hakuomba msamaha siku hiyo. Baadaye alimtumia wifi yake salamu, kisha akaja mwenyewe.

Dawa ya Wembe ilimezwa kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Alikatazwa maini, chokoleti na karanga, na karanga ndizo zilizomuuma, maana alikuwa mtu wa kutafuna kutwa. Daktari alimwonya kwamba mwanzoni anaweza kuzidiwa kabla ya kupata nafuu, lakini kuonywa si sawa na kuyaona. Mikono ilizidi. Akawa hawezi kufunga vifungo vya shati. Maneno yakawa hayaeleweki hata na binti yake. Asubuhi moja alisukuma kikombe cha maji ya kumezea dawa.

"Inaniua hiyo," alisema, na ilimchukua muda kuyamaliza maneno hayo mawili.

Mke hakubishana naye. Alimpigia simu daktari hapohapo, wakaambiwa wapunguze kiasi na waipandishe polepole zaidi. Kisha akaketi mbele yake akaanza kumfunga vifungo, cha chini mpaka cha juu.

"Mimi nimekunyooshea mashati tangu tuoane," alisema. "Sijachoka. Wewe ukichoka, niambie, nitashika zamu yangu. Lakini dawa utakunywa."

Akanywa. Miezi ilipita bila dalili ya kheri, kisha siku moja alishika kijiko kikafika mdomoni na mchuzi wake wote. Mke aliona, akajifanya hajaona, akaenda kulilia jikoni.

Aliyebaki katika wale watatu alikuwa mdogo wake Wembe, binti wa mwisho waliyemwita Kitinda. Alifanya kazi kwenye duka la mikate, alikuwa buheri wa afya, na alikuwa amechumbiwa na dereva wa lori la mafuta. Alipoambiwa akapimwe alipandisha mabega. "Nani anakwenda kuutafuta ugonjwa mahali ulipolala?" Mama yake ndiye aliyempeleka, naye akaenda shingo upande. Majibu yakaonyesha kwamba naye anao. Shaba ilikuwa imeanza kujaa ini lake kimyakimya, huku akibeba trei za mikate na kuimba.

Akapewa vidonge vya zinki, vya kuizuia shaba isipenye kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Alivimeza, vikamchefua, akaviacha bila kumwambia mtu. Wembe alikuja kuligundua alipomtembelea dukani akakuta chupa imejaa nyuma ya magunia ya unga.

Hakupiga kelele. Hata angetaka, sauti haikuwa na nguvu hiyo. Akavuta gunia akakaa.

"Unanisikia ninavyoongea?"

"Nakusikia, kaka."

"Siku zile ulikuwa unaniambia ninyamaze. Ulisema mdomo wangu hauna breki. Hii ndiyo iliyobaki. Na mimi dawa imenisaidia. Wewe hujapoteza kitu bado. Kitu hata kimoja."

Kitinda alifuta unga mikononi, akaufuta tena ulipokuwa umeshatoka. Kichefuchefu kilikuwa kisingizio tu. Chupa ya dawa ingeonekana na mchumba, na mchumba angeuliza.

"Nikimwambia ataondoka."

"Labda," Wembe alisema. "Sijui. Kama ni wa kuondoka, aondoke ungali na ini."

Akamwambia. Dereva aliuliza kama unaambukiza, akaambiwa hapana. Akauliza watoto itakuwaje, akaelezwa kwamba hawataugua isipokuwa naye awe amebeba nakala mbovu, na kwamba anaweza kupimwa. Akasema atafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaja nyumbani na mjomba wake, akaaga kwa adabu sana, akisema mama yake hakuridhika. Baba alimsindikiza mpaka barabarani bila kumtukana. Kitinda alijifungia chumbani, akalia mpaka sauti ikakauka. Jioni alitoka, macho yamevimba, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji, akameza kidonge mbele yao wote.

"Nitaishi miaka mingi," alisema. "Nimuudhi."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, na katika kicheko hicho mama akasema, "Huyu amechukua kiburi cha kaka yake," akalitaja jina la yule aliyefariki, wazi, kama jina la mtu aliyetoka kidogo tu. Hakuna aliyeshtuka kwa sauti. Baba akaongeza kwamba kijana yule aliwahi kugoma kula siku nzima kwa sababu ya soksi, na jioni yote ikaenda kwa visa vyake.

Wembe alirudi kwenye kiti chake. Wembe wenyewe hakuushika tena, maana mkono haukurudi wote. Ananyoa kwa mashine, na mstari wa ndevu anamwachia Kipara. Ulimi wake bado mzito, na benchi limezoea kumsubiri amalize kisa, ingawa wapo wanaoishiwa uvumilivu wakamdokezea neno, naye hulikataa hata kama ndilo. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa wa kwanza kuketi mbele yake aliporudi. Waliomwita mlevi hawakuja kumwomba radhi. Walikuja kunyolewa, akawanyoa.

Kila baada ya miezi kadhaa yeye na Kitinda huenda kliniki pamoja. Safari iliyopita daktari alimwita Wembe pembeni, akamwomba akazungumze na wageni wawili. Kwenye korido palikuwa na mwanafunzi wa kike aliyekuja na baba yake. Mwandiko wake ulikuwa umeharibika, walimu walikuwa wamemwadhibu kwa uvivu, na asubuhi hiyohiyo walikuwa wameambiwa habari ya shaba. Baba mtu alikuwa amefura, anauliza kila apitaye kama hospitali hii inajua inachokifanya. Msichana alikuwa ameficha mikono chini ya mapaja.

Wembe akaketi karibu nao. Alianza kwa kuwaomba wamvumilie, kwamba hajalewa, anaongea hivyohivyo. Kisha akamweleza yule baba yote, mabaya yakiwemo: kwamba mtoto anaweza kuzidiwa kwanza, kwamba wasiache, kwamba mengine yatarudi na mengine labda hayatarudi, na kwamba ndugu zake wakapimwe wiki hii hii, wasingoje kuumwa. Yule baba alianza kumsikiliza akiwa amesimama, akamaliza akiwa ameketi.

Msichana alimtazama Wembe kwa mara ya kwanza. "Hiyo dawa," aliuliza kwa shida, "ina ladha gani?"

"Ladha haina neno," Wembe alimjibu. "Harufu sasa. Yai viza."

Msichana akakunja pua, akatoa mikono chini ya mapaja akajiziba nayo uso, na mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.